Mapipa Saba Chumbani Mwetu

Chumba cha nyuma,
Karakana ya Kromu,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Nakusalimu kwa mapenzi yasiyo na kipimo. U hali gani? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mjomba je, kikohozi chake? Sisi tu wazima, ingawa neno hilo nitalirekebisha mbele kidogo.

Shangazi, ndoa ni tamu! Nina miezi saba tu na bado nikisikia viatu vyake mlangoni moyo unaniruka. Mume wangu ananichania nywele mwenyewe, kwa mikono ile ile ya fundi. Akitoka kazini ananiletea kitu kinachong'aa: juzi kitasa, jana koki ya bafuni iliyokataliwa na mteja. Sina bafu la kuifunga, lakini nimeiweka dirishani kama ua. Naringa, Shangazi, nisikufiche.

Kazi yao ni kupaka vyuma kromu. Chuma kikuukuu kinachovywa ndani ya birika la tindikali, umeme unapitishwa, kinatoka kinameremeta kama kioo. Mwenye karakana tunamwita Bwana Mng'aro. Chumba chetu ni chake pia, kimepakana ukuta na mabirika, na mtu akiacha kazi anaacha na chumba.

Wiki ya pili ya ndoa yetu Bwana Mng'aro alikuja na fomu ya halmashauri. Kila biashara inayotumia tindikali lazima itaje ina mapipa mangapi. Yakizidi mawili, sheria inataka feni kubwa ya kuvuta mvuke, na karakana ihamie mbali na nyumba za watu. Akasema, "Bibi harusi, nasikia una mwandiko wa kuchapwa. Nijazie." Nilifurahi mno kusifiwa mbele ya mume wangu. Nilijua mapipa ni tisa. Akaniambia niandike mawili, nikaandika mawili. Nilidhani ni mambo ya ofisi tu, kama mtu anavyopunguza umri wake.

Siku ya ukaguzi, mapipa saba yaliletwa chumbani kwetu na kupangwa upande wa kitanda, tukayafunika kwa lile shuka la maua ulilotutumia. Bwana afya alikagua karakana yote, akafika hadi mlangoni petu. Bwana Mng'aro akamwambia, "Hapo wamelala maharusi, mkubwa. Utaingia kweli?" Bwana afya akacheka, akarudi nyuma. "La, la, nisije nikavunja nyumba ya watu!" Nami nilisimama mlangoni nikiona haya, kama nilivyofundishwa. Kibali kikatoka siku hiyo hiyo.

Mapipa hayakurudi tena karakanani. Bwana afya anaweza kupita wakati wowote, kwa hiyo mahali pake ni hapa. Mafundi wanapiga hodi, wanachota, wanatoka. Feni haijanunuliwa, maana kwenye karatasi haihitajiki.

Sasa nirekebishe lile neno. Mume wangu hasikii harufu tena. Ilianza kwa kutoka damu puani, kila asubuhi, kwenye mto. Nilimburuta hadi zahanati. Daktari alimulika tochi kwenye tundu moja la pua na mwanga ukaonekana kwenye tundu la pili. Mvuke umetoboa ukuta wa katikati, Shangazi, umeula kama nondo anavyokula sufu. Daktari amesema aache mvuke ule kabla haujashuka kifuani. Njiani kurudi akanitania, "Usiogope mke wangu, mimi nimeshapakwa kromu, sishiki kutu." Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka.

Tumezunguka karakana nyingine mbili kuulizia kazi. Ukifika mlangoni tu macho yanawasha. Ni yale yale.

Basi nikaenda halmashauri peke yangu, bila kumwambia mume wangu. Bwana afya alinipokea vizuri, akafungua faili. "Mwandiko huu wa nani?" Nikasema wangu, na kwamba mapipa kwa kweli ni tisa. "Na hayo mengine saba yako wapi?" Nikasema chumbani kwetu. Akaweka kalamu chini. "Dada, nikiandika ulivyosema, tindikali imekutwa kwa mumeo. Wa kwanza kuitwa mahakamani ni yeye, na wa pili ni wewe. Tajiri wenu atasema hajui kitu. Rudi nyumbani. Mimi sijakusikia." Sikuona ubaya usoni mwake. Alinisindikiza hadi getini.

Kibali ni cha miezi sita, na wiki hii fomu mpya imekuja. Bwana Mng'aro aliiacha mezani kwetu, akasema tu, "Ule mwandiko wako." Nilikaa nayo mchana kutwa. Nilisema moyoni, leo naandika tisa, liwalo na liwe. Mume wangu alirudi, akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono begani. Hakuniomba lolote. Nilisikia tu pua yake ikipiga mluzi kila alipovuta pumzi. Nikamfikiria yupo rumande, hana wa kumpangusa damu.

Nimeandika mawili, Shangazi. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Usinijibu kwa kunigombeza, nijibu kwa kunipenda. Nisalimie Mjomba, mama mdogo na watoto wake, na binamu yangu Domo Kaya, mwambie sijamsahau. Mungu akupe pumzi ndefu na nyepesi, wewe na wote wa nyumbani.

Mimi nikupendaye kuliko karatasi inavyoweza kubeba,
Bibi harusi wako.