Karatasi Iliyochanwa Kwenye Faili

Umeangalia pembeni tena! Nesi mzima, miaka kumi na mbili kazini, unaona kwa macho yako, ukageukia dirishani.

Mdogo wangu ndiyo kwanza katoka kuhojiwa na kamati ya hospitali. Amekaa hapa koridoni, hata kulia hawezi.

Yule mama alikuja Jumatatu, kichwa kinamuuma. Mdogo wangu anasomea udaktari wa familia, basi akamuuliza, "Nyumbani nani mwingine anaumwa kichwa?" Mama akajibu, "Sote, mwanangu." Kumbe wanalala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa! Akaandika kwenye faili: jiko litolewe, tukaione nyumba leo.

Hajamaliza kumweleza mama, bosi wenu akaingia, akaichana ile karatasi. Akaichana mbele yako, akaitupa sakafuni! "Binti, hapa tunatibu mgonjwa, hatutibu nyumba. Mpe dawa ya kichwa aende zake."

Leo asubuhi wameletwa watatu. Mama na wanawe wawili. Maiti.

Na bosi anaapa mbele ya kamati kwamba mdogo wangu hakuandika chochote! Saa nane wanamfukuza masomoni.

Mimi sisahau. Yule mkunga mwenzenu aliposingiziwa kosa, uliniambia, "Yatapita." Yalimpita nani?

Lakini nakujua, huwezi kuacha karatasi sakafuni. Uliiokota, ukaitia mfukoni mwa koti lako.

Sasa ni saa saba na nusu. Usinijibu hapa. Panda ngazi, uiweke mezani kwa kamati kwa mkono wako.