Marehemu wa Mfano

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Kompyuta imerudi! Kitonga fundi ameileta mchana, ameibeba begani kama gunia la viazi. Ameifuta yote na kuitia mfumo mpya — ati wa zamani ulikuwa umeoza. Mfumo mpya, mwendo wa kobe. Naiwasha, nabandika chai kwenye stovu, inachemka, namimina, nakunywa, ndipo inafungua macho. Kitonga anasema itazoea. Kwani ni ng'ombe wa kununuliwa?

Kazi zangu za zamani zimeenda na maji. Barua, kadi za harusi, hata ile programu ya mazishi niliyokuwa nikiwaonyesha wateja. Na bila mfano mteja haagizi. Anataka kuona picha itakaa wapi, nyimbo wapi, wasifu wapi. Marehemu wa kweli siwezi kumbandika ukutani. Jamaa zake wakipita hapa Umoja wamwone ananing'inia kando ya bei za fotokopi, nitawaelezaje?

Mulama, mume wangu, alikuwa anapita kwenda zamu ya usiku kiwandani, Industrial Area. Akacheka. "Si uniweke mimi! Mwanamume mzima kama mimi nitaumwa na karatasi?" Akanipa na picha yake ya pasipoti, nikaiskani. Nikaandika: Marehemu Mulama, mume mpendwa wa Triza, babake Ryan. Nilipofika penye "Amefariki" nikaona uvivu kutunga tarehe, nikabonyeza palipoandikwa tarehe, ikajiandika yenyewe. Tumecheka mpaka machozi. Iko ukutani sasa. Imependeza, kusema kweli.

Jumanne, 6 Oktoba

Imeganda asubuhi. Imeganda mchana. Ile saa ndogo ya mchanga inasimama kwenye kioo kama askari wa zamu, nami nasubiri kama mjinga. Nimebonyeza kila kitu isipokuwa paji la uso wangu.

Jambo moja silielewi. Nimefungua ule mfano nirekebishe nafasi ya wimbo, nikaona: Amefariki 6 Oktoba. Jana ilikuwa tano! Karatasi ya ukutani inasema tano. Kioo kinasema sita. Labda ni macho yangu, nimechoka.

Na jingine. Barua zinaganda, kadi zinaganda. Mfano wa Mulama haugandi kamwe. Unafunguka upesi, kabla sijatoa kidole.

Alhamisi, 8 Oktoba

Kitonga amekuja. Amefungua sanduku, amepuliza vumbi, amesugua vyuma kwa kifutio cha penseli, ametafuta virusi. Hakuna virusi. Anasema memory ni kidogo na mfumo mpya ni mkubwa, kama kumlaza mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Kuhusu tarehe akacheka. "Mama Ryan, hiyo ni date ya kujibadilisha. Kila ukifungua inasoma saa ya mashine, inaweka ya leo."

Basi, nimeelewa. Lakini kuelewa na kutulia ni mambo mawili. Maana yake ni kwamba kila nikifungua, mume wangu amekufa leo.

Nikasema niufute kabisa. Nikabonyeza futa — ikaganda! Nikachomoa waya ukutani, nikawasha tena. Upo. Nikafuta, ikaganda. Kitonga akanisukuma kando, akajaribu yeye, ikamgandia na yeye. Akakuna kichwa. Memory, akasema, lakini kwa sauti ya chini.

Na kazi ya Mzee Patrobas iko mezani. Mzee wa reli, Makongeni, mtu wa kwao Mulama. Ibada ni kesho jioni kabla mwili haujasafirishwa Kakamega. Kila nikifungua karatasi mpya inaganda kabla sijamaliza mstari. Ikabidi nifanye tunavyofanya wapiga chapa wote wa hapa: nikafungua mfano, nikatoa jina la Mulama kila nilipoliona, nikatia la Patrobas. Ilikubali bila taabu. Ukurasa wa mwisho tu ndio uligoma kuonekana kwenye kioo. Wenyewe walikuwa wamesimama mlangoni, nikachapa hivyo hivyo.

Jumamosi, 10 Oktoba

Sina hamu ya kuandika. Lakini nisipoandika nitamwambia nani?

Jana, Makongeni. Ukumbi umejaa, kwaya imeimba vizuri. Mchungaji akasoma programu hadi ukurasa wa mwisho. "Mwili wa marehemu Mulama utaondoka hapa saa mbili usiku." Mungu wangu! Na Mulama mwenyewe alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, ameshika mwavuli wa mtu. Vichwa vikageuka. Mmoja akacheka. Baada yake hakuna aliyecheka. Mulama akainua mwavuli, akasema, "Niko hapa mchungaji, ningojeeni kidogo!" Alifikiri anawasaidia. Watu hawakupenda.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Senge Asenath, shangazi yake Mulama, alitoka nje ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hakuniangalia.

Jumatatu, 12 Oktoba

Senge amekuja ofisini. Hakuketi, chai hakuonja. Amesema kwao mtu akisomewa matanga angali hai, kifo kimeonyeshwa mlango wake. Lakini kuna njia. Jina alitoe mwenyewe, kwa mkono wake, kila mahali lilipoandikwa. Kisha jogoo achinjwe na yeye awe wa kwanza kula. Mkono wangu haufai, kwa sababu ndio ulioandika. Wa fundi haufai pia.

Mulama amemsikiliza kwa heshima. "Ndiyo, Senge. Ndiyo, Senge." Akang'oa karatasi ya ukutani, akairarua vipande vipande, akavitia mfukoni. Kisha akaketi kwenye mashine. Akabonyeza futa. Ikaganda. Akangoja, akatazama saa, zamu inamwita. "Nitafuta siku nyingine, Senge, hii kitu haina mbio." Senge akasema, "Haina mbio, lakini inatembea." Akafunga leso yake, akaenda zake.

Mimi si mtu wa ushirikina. Mimi ni wa kwaya! Lakini nimenunua jogoo. Yuko chini ya meza, amefungwa mguu, ananitazama.

Jumanne, 13 Oktoba

Kitonga ameifuta mashine yote tena, mfumo umeingia upya. Nikapumua. Kama hakuna kitu, hakuna cha kufuta, hata Senge atakubali. Alipomaliza akatabasamu kwa fahari. "Usiwe na wasi, Mama Ryan. Kazi zako niliziweka kwa disketi kwanza. Nimerudisha zote."

Zote! Nilitaka kumpiga na kibodi. Lakini utamgombezaje mtu kwa wema wake?

Nimefungua. Barua hazipo, disketi imezila. Kadi hazipo. Mfano upo. Amefariki 13 Oktoba.

Jumatano, 14 Oktoba

Leo nimetumia akili. Saa ya mashine si inabadilishwa? Nimeirudisha nyuma mwaka mzima. Nikafungua mfano: Amefariki 14 Oktoba 1997. Nikacheka peke yangu. Mwaka jana wakati huu tulikuwa kwenye arusi ya ndugu yake, alicheza mpaka soli ya kiatu ikabanduka. Basi hakufa. Hata mashine haiwezi kubisha arusi.

Nimemsimulia Mulama alipoamka. Amesema ndiyo maana alinioa. Jioni amekula vizuri, akapiga mluzi akienda kazini.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimewasha. Saa ya mashine imerudi mwaka huu yenyewe, na inasema Ijumaa, tarehe 16.

Leo ni Alhamisi! Nimetazama gazeti la jirani. Nimemuuliza mama wa mboga, akaniuliza kama ninaumwa. Nimemwita Kitonga. Akaja, akasema ni betri ya saa imekufa. Akaifungua, akaishika karibu na jicho. Kisha akasema betri ikichoka, saa hurudi nyuma, miaka mingi nyuma. Hajawahi kuiona ikienda mbele. Akakusanya bisibisi zake haraka. Ataleta memory Jumatatu, anasema. Hakunitazama usoni.

Nilienda msalani. Niliporudi, mfano ulikuwa umejaa kioo. Sikuufungua mimi, na mlango niliufunga kwa kufuli. Picha ya Mulama, nyimbo, wasifu. Amefariki 16 Oktoba 1998. Kisha ikaganda. Maus imekufa, kibodi imekufa.

Mulama alipita jioni. Leo hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Aliinama akajitazama kwenye kioo muda mrefu. Akabonyeza, haikusikia. Nikamwambia asiende kazini. Akasema tutakula nini, jogoo mmoja? Akanishika bega. "Kesho asubuhi nikitoka zamu napita hapa moja kwa moja, hata silali. Nitakaa mbele ya hii kitu mpaka ikubali. Tumalize, Senge apumzike, na wewe upumzike. Usiizime." Akatoka. Akarudi kuchukua kofia yake ya kazi aliyoisahau juu ya mashine, ile ya buluu.

Sikuizima.

Ijumaa, 16 Oktoba

Asubuhi. Nimefika mapema. Imewaka vile vile, imeganda vile vile. Amefariki 16 Oktoba 1998. Leo tarehe ni ya kweli, hata gazeti linasema hivyo. Nimefunika kioo kwa leso yangu. Chai iko kwenye stovu, nimeweka tangawizi anavyopenda.

Zamu imeshatoka. Nimeona watu wawili watatu wa kiwandani wakipita upande ule wa barabara. Mmoja huwa ananisalimia kila siku. Leo ametazama chini.

Labda wamemwongezea saa. Huwaongezea saa wakiwa na mzigo wa kupakia.

Chai imepoa, nimeipasha. Naogopa. Nimeandika hilo neno na sijisikii nafuu yoyote. Jogoo hajawika tangu nifungue mlango.

Mchana sasa. Wamekuja wanaume wawili wa makamo. Wamevaa ovaroli za buluu, kama zile za Mulama ninazofua kila Jumapili, najua hata zinapochanikia. Wamesimama mlangoni wakipangusa miguu ingawa hakuna tope. Mkubwa wao akauliza kwa upole, "Hujambo mama — samahani, hapa ni kwa Mama Ryan?"

Hawanijui. Nikasema ndiyo, ni hapa, lakini Mama Ryan ametoka kidogo.

Akasema watamngoja. Nikasema ketini. Nikawamiminia chai ya Mulama, nikakaa kwenye meza yangu, nikatoa daftari hili. Nikiendelea kuandika hawatanisemesha. Mtu akiandika anaonekana ana kazi.

Leso imeteleza. Ile saa ya mchanga haipo. Mshale wa maus unatikisika kidogo kila nikigusa meza. Nimebonyeza futa, kwa mkono wangu usiofaa, na mashine ikaniuliza kwa upesi, kwa adabu, kama nina hakika. Haijawahi kuuliza. Inangoja nijibu.

Wale wawili hawajagusa chai. Mkubwa anasoma bei za fotokopi. Mdogo ana kofia ya buluu kichwani, na nyingine ameishika magotini, anaizungusha, anaizungusha. Kofia zao zote ni sawa. Kiwandani wanapewa za aina moja wote.