Simbilisi Mwenye Jina

Mbeya, Jumatano

Bado hajala. Nimemwekea majani ya mahindi, ameyanusa tu na kuyaacha. Meno ya mbele yamerefuka mpaka yamepinda, mdomo haufungiki.

Leo nilimpeleka kwa daktari wa mifugo hapa mjini. Akachungulia kikapuni, akasema, "Mama, si umfanye mboga kabla hajakonda?" Hakuwa anatania. Ng'ombe anawajua, nguruwe anawajua. Siwezi kumlaumu, mimi mwenyewe nimekulia Iringa nikila simbilisi, hawa wanyama wadogo wa manyoya wasio na mkia wanaofugwa jikoni.

Nikamweleza kwamba huyu ni wa binti yangu aliyeko shule ya bweni, na anaitwa Bosi.

"Ana jina?"

Akatoa simu, akampigia mwenzake wa Iringa anayetibu wanyama wadogo. "Nina mgonjwa hapa," nikamsikia akisema, "anaitwa Bosi." Kwamba ni simbilisi hakusema mpaka alipoulizwa.

Huyo wa Iringa anataka nimpeleke kesho. Atamchoma sindano ya usingizi, kisha ayapunguze meno kwa kimashine. Kinachonitisha ni huo usingizi. Amesema wazi kwamba wadogo kama hawa wakati mwingine hawaamki. Binti bado sijamwambia. Shule inafungwa mwezi huu, na akikuta banda tupu...

Hukohuko Iringa nitalala kwa mama. Jioni nimempigia kumwarifu kwamba kesho nakuja, na kwenye kikapu nina simbilisi.

Amefurahi. Amesema basi hanunui nyama.