Siku Uliyonishikia Mwavuli Kamachumu

Baba Salma, mume wangu,

Leo gari limewaka. Limekohoa mara tatu kama kawaida yake, likanguruma, na aliyekuwa kwenye usukani ni mimi! Mtaa mzima ulitoka nje. Bi Zuhura wa vitumbua alikuja mbio na mwiko mkononi, akapiga vigelegele hadi vitumbua vyake vikaungua. Mwaka umepita tangu tukuzike, na sijapata siku niliyotamani uione kama hii. Ndiyo maana nakuandikia. Barua yenyewe siitii kwenye bahasha. Naibandika ukutani hapa kwenye duka letu la picha, anayetaka asome, maana habari zetu mji huu wa Bukoba unazijua nusu nusu.

Unakumbuka ulivyolileta gari hili nyumbani? Lilikuwa la kubebea mikate, na Mhindi mwenyewe alikuwa amelichoka. Ulitia nyuma kitanda cha kamba, stovu ya mafuta ya taa, madebe mawili ya maji, na mapazia niliyoshona kwa kanga zangu kuukuu. Ukasema, "Mama Salma, hii ndiyo nyumba yetu ekyanda yote." Wewe mtu wa damu ya pwani ulipenda kukiita kiangazi kwa Kihaya, tena kwa madaha, ili baba yangu akikusikia afurahi. Tulilala humo tukinusa mikate na kuamka na njaa.

Safari ilikuwa ya picha. Kwenye maonyesho ya kilimo ya mwaka ule waliweka kwa mara ya kwanza meza ya picha za nchi: milima, ziwa, migomba, bila mtu hata mmoja ndani. Wewe ulikuwa umechoka kupiga nyuso za maharusi. Ulitaka Bukoba ijue kwamba una jicho. Na mimi? Hukuniuliza, lakini leo nakwambia. Nilikuwa nimesafisha picha zako miaka tisa kwenye chumba cha giza, mikono ikinuka dawa, na sikuwahi hata siku moja kubonyeza kamera. Nilitaka nibonyeze. Mara moja tu, na iwe yangu.

Nilipokuomba, tukiwa bado mlangoni, ulicheka. "Kazi yako mwavuli," ukasema, ukanikabidhi ule mkubwa mweusi wa kukingia kamera jua. Nilikasirika, mume wangu. Nilikununia hadi Izimbya.

Tulizunguka wiki nzima, tukashuka Kemondo tukiwa na filamu kumi na moja zilizopigwa na moja iliyobaki. Tulizisafisha zote mle garini mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jasho likitutiririka. Ukazitundika kwa vibanio kwenye kamba, kati ya gari na mti, kando ya ziwa, zikauke kwa upepo. Mara kwa mbali juu ya maji pakatokea wingu jeusi limesimama wima. "Meli hiyo!" ukasema. "Tazama moshi wake, inakwenda Bukoba." Mama mmoja aliyekuwa akiparua samaki akakuonya, "Anua vitu vyako, baba. Wale ni wadudu." Ukamjibu kwamba baba yako ni mtu wa pwani, na moshi wa meli unaujua tangu unanyonya. Ukakaa juu ya debe kuisubiri meli yako.

Haikuwa meli. Wadudu wa ziwani wale, wadogo kuliko mbu, walitufikia wakatuingia puani, masikioni, hadi kwenye chai. Na filamu zilikuwa bado mbichi. Ulipozianua, kila moja ilikuwa imegandwa na wadudu kama ufuta kwenye mkate. Zote kumi na moja! Ulikaa chini ukashika kichwa. Wallahi nilikuwa na maneno tayari mdomoni, ya mwavuli na ya meli, lakini nilipokuona umekaa hivyo nikayameza. Nikakwambia tu, "Imebaki moja. Twende kwetu."

Kwetu Kamachumu, Muleba, pale juu ambapo ardhi inakatika ghafla na ziwa lote liko chini yako. Tulikuta moshi. Watu walikuwa wakichoma nyasi na visiwa havikuonekana hata kimoja. Ulitaka kupiga hivyo hivyo. Nikakataa. Mimi nimekulia pale. Najua kwamba ikinyesha hata mara moja katikati ya ekyanda, asubuhi yake visiwa vinasogea hadi unadhani utavigusa. Tukasubiri siku nne. Baba yangu alituletea kahawa ya kutafuna kila asubuhi kwenye kikapu kidogo, kama mgeni anavyostahili. Na shangazi yangu Koku alikuja kila siku amevaa gauni lake la sikukuu, akasimama mbele ya kamera. Kila siku ukamwomba asogee.

"Unapiga picha mlima?" akakuuliza. "Mlima utampelekea nani hiyo picha?"

Siku ya tatu ulianza kuniambia kwamba shangazi ana hoja.

Siku ya tano ilinyesha alfajiri. Kulipopambazuka tukatoka mbio na kamera na miguu yake mitatu. Mvua ilikuwa ikimalizikia kwa matone makubwa na upepo mkali, moshi wote umeoshwa, na visiwa vile pale, waitu, jamani, unavihesabu! Nikafungua mwavuli. Upepo ukanikokota nusura nianguke bondeni. Wewe uliye mrefu ukaninyang'anya, ukaushika kwa mikono miwili juu ya kamera ili tone lisiingie. Hapo ndipo ulipogundua kwamba huna mkono wa tatu.

"Piga wewe!" ukapaza sauti.

Nikatazama chini ya kitambaa cheusi cha kamera, nikaingiza filamu, nikakaa tayari. "Piga basi!" Sikupiga. Jua lilikuwa linakaribia ukingo wa wingu. "Mama Salma, mwavuli unachanika! Unasubiri nini?" Nikakujibu, "Tulia." Sikuwahi kukwambia hivyo kabla ya siku ile. Jua likatoka, likaangukia kisiwa cha kwanza, likaenda cha pili, likashuka kwenye migomba ya baba, nami nikabonyeza. Mawe, mama wee! Mlio ule mdogo niliusikia hadi magotini.

Filamu hiyo ilikauka ndani ya gari, milango imefungwa, mimi nimekaa nayo kama kuku juu ya mayai.

Kwenye kadi ya maonyesho uliandika jina lako. Niliona, na iliniuma. Siku ya zawadi Bwana DC akasoma kwamba ya kwanza ni picha ya visiwa kutoka Kamachumu, akataja jina lako, watu wakapiga makofi. Ulisimama, lakini hukwenda mbele. Ukasema kwa sauti yako ile ya kugombana sokoni, "Samahani, Bwana. Kadi nimeikosea. Picha kapiga mke wangu. Mimi nilishika mwavuli." Uwanja mzima ulicheka, kisha wanawake wakapiga vigelegele, na wewe ukacheka nao huku machozi yakikutoka. Nilikwenda mbele kwa miguu yangu nikapokea kombe. Nilikupenda siku ile kuliko siku uliyonioa.

Sasa sikiliza usilolijua. Baada ya arobaini yako, mdogo wako Idi alikuja na mkoba kuchukua kamera. Alisema ni chombo cha mwanamume, kirudi kwa ndugu, na duka lifungwe. Sebule ilijaa watu. Bi Zuhura ndiye aliyeuliza, "Idi, kaka yako alisema nini kwenye maonyesho?" Wakajibu watu wote kwa pamoja, "Alishika mwavuli!" Bi Zuhura akamwonyesha mlango wa kuingilia dukani, mwavuli ulikotundikwa. "Basi ukitaka kurithi kazi yake, ile pale."

Akaondoka, akanuna miezi. Kamera ikabaki mezani kwangu. Umeona, mume wangu? Siku ile nilidhani unanipa kombe tu, kumbe ulikuwa unaniachia kazi, duka na mashahidi wa mji mzima.

Kesho asubuhi tunakwenda Muleba. Kuendesha amenifundisha fundi wa magari, na amekiri kwamba gia nabadili vizuri kuliko wewe. Salma atakaa katikati. Nina filamu ishirini na nne, na hakuna atakayenieleza habari za meli. Shangazi Koku nimemwandikia avae gauni lake, safari hii naye atapigwa, mlima ukae nyuma yake.

Na jana jioni Idi alikuja dukani. Alizungukazunguka, akaangalia picha ya visiwa, akauliza kama garini kuna nafasi. Nikamwambia ipo moja. Hakuuliza ni ya kazi gani. Alikwenda mlangoni mwenyewe, akautungua mwavuli, akaufungua kuona kama bado ni mzima.

Lala salama, baba. Visiwa nitavifikishia salamu zako.

Mkeo uliyemshikia mwavuli,
Mama Salma