Nyuma ya Ua wa Mzee Toanuea

Jumapili, 2 Machi

Bahari imeingia kijijini. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Ni bamvua tu – maji yalipanda, yakapita juu ya ukuta wa mawe, yakavuka njia, yakafika kanisani katikati ya mahubiri. Tulinyanyua miguu tukaendelea kuimba. Rafiki yangu Meere alicheka mpaka mama yake akamfinya.

Tuliporudi, Bibi hakubadili nguo. Alikwenda moja kwa moja kwenye shimo letu la magimbi, lililochimbwa mpaka maji matamu ya chini, na gauni lake jeupe la kanisani. Maji ya chumvi yalikuwa yamejaa mle, na samaki mdogo anaogelea katikati ya mashina. Bibi alimtazama sana.

"Huyu naye kapotea njia," akasema.

Tukaanza kuchota kwa ndoo.

Jumanne, 4 Machi

Bado tunachota. Tukitoa, maji yanarudi yenyewe kutoka chini, na ukiyaonja ni chumvi vilevile. Majani ya pembeni yameanza kugeuka rangi. Gimbi kubwa bado limesimama, lakini Bibi kaligusa shina na uso wake sikuupenda.

Hilo alilipanda Babu, mimi natambaa. Mwaka huu ndio wake. Jumamosi ya tarehe 22 tunafungua paa jipya la mwaneaba, ukumbi wa mikutano wa kijiji, na kila nyumba italaza gimbi lake mbele ya wazee, zima, kabla ya kupikwa. Nusu haipelekwi. Meere anasema kuna familia zamani ilipeleka nusu, na mpaka leo wajukuu wao wanaitwa "Nusu".

Gimbi lenyewe kuliwa si hasara. Mwili unaliwa, kichwa chenye mashina ya majani kinakatwa kwanza na kurudi shimoni, kinaota tena. Kichwa hiki ni kile kile alichopanda bibi yake Bibi.

Lakini mwaka huu kitarudi shimo gani? Bibi hajasema. Mimi nawaza hilo tu.

Mwalimu Tiroia katufundisha kutumia kipimo cha chumvi. Ni kijiti chenye namba. Unakitumbukiza majini, namba ikiwa ndogo maji ni matamu. Kanichagua mimi kuzunguka kijiji, visima na mashimo, ili tuchore ramani ubaoni na watu wajue wapi panafaa kupandwa. "Kwa ruhusa ya mwenyewe," alisema. Nilifurahi, ila sikuonyesha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepima karibu kote. Wengine walinitolea maji kwenye kikombe, sikuingia ndani ya nyua zao. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu hachungulii shimo la mwenzake. Kila nyumba ina majani yake ya kulishia magimbi na namna yake ya kuyachanganya, na hayo hayaulizwi hata kwa ndugu. Namba zilikuwa kubwa. Kubwa, kubwa, kubwa. Kwetu kubwa kuliko za wengi.

Mwisho nilifika kwa Mzee Toanuea. Ua wake ni mrefu kuliko wote, makuti mapya juu ya makuti ya zamani. Watu wakitaja magimbi wanataja yeye. Nilipiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Mtumbwi wake haukuwepo. Nikafikiri: sitazami mimea, natazama maji tu, macho chini, nachota, natoka. Nilifikiri hivyo kweli!

Nikafungua kamba nikaingia. Macho chini.

Maji yake ni matamu. Nilipima mara mbili, nikaonja. Matamu kama ya mvua.

Nikainua kichwa. Ndivyo kichwa kilivyo, kinainuka.

Hamna kitu. Shimo zima ni magugu. Hakuna gimbi hata moja, hata chipukizi. Siku nyingi hamjaguswa. Lile gimbi kubwa alilopeleka Krismasi alilitoa wapi?

Nilipotoka, mama yake Meere alikuwa njiani na kikapu cha kombe. Kaniona nafunga kamba.

Jumamosi, 8 Machi

Kijiji kizima kinajua. Si kuhusu shimo – kuhusu mimi. Kwamba mjukuu wa Rotia kaenda kuiba siri ya magimbi ya Toanuea. Bibi hakunipiga. Alisema, "Kinaai, umenivua nguo sokoni." Hatuna soko. Lakini nilielewa.

Jumatatu, 10 Machi

Shuleni wananiita Mwizi wa Majani. Mwalimu Tiroia alisimama mbele ya darasa akasema kosa ni lake, alisema "kwa ruhusa" akadhani hiyo inatosha. Ilikuwa vizuri kwake kusema hivyo. Haikusaidia.

Meere ananifuata kila mahali. "Niambie mimi tu. Ni makubwa kweli? Mama anasema moja linazidi pipa."

"Sikutazama."

"Uliingia ukafumba macho? Kwani ulikwenda kusali?"

Jioni Bibi alichukua tumbaku, akaifunga vizuri, tukaenda kuomba radhi. Mzee Toanuea alikuwa kwenye ulingo wake anasokota kamba ya makumbi pajani. Hakuinua uso.

"Toanuea," Bibi akasema, "tumekuja na uso wetu huuhuu. Hatuna mwingine."

"Uso nauona. Na macho ya huyo mtoto nimeyasikia. Yanatembea kuliko miguu yake."

"Ni mtoto. Kafundishwa kupima, hakufundishwa kupiga hodi."

"Nilipiga," nikasema. Bibi akanikanyaga.

Mzee akaacha kusokota. "Haya. Uliona nini mle?"

Niliona mikono yake imekaza kwenye kamba. Vidole vimepinda, vya mkono mmoja haviwezi kunyooka kabisa. Mke wake alifariki, watoto wake wote wako mbali, kisiwa kikuu cha Tarawa. Nani angeshika jembe? Sikuwahi kufikiri hilo kabla.

"Niliona maji, mzee. Nilitumwa maji. Ni matamu."

"Na kingine?"

"Sikutumwa kingine."

Bibi alinitazama, akamtazama Mzee.

"Hiyo namba yangu umeshampa mwalimu?"

"Bado. Nasubiri ruhusa yako."

"Subiri." Akaipokea tumbaku, akainusa. "Rotia, mjukuu wako anajibu kama karani wa serikali."

"Ana mdomo wa babu yake."

"Babu yake alikuwa mwongo."

"Mwongo mkubwa," Bibi akasema, akacheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu bahari iingie.

Alhamisi, 13 Machi

Magimbi madogo ya pembeni yamelala. Tukiyavuta yanatoka bila kushikilia, chini yameoza. Tumekula mazima yaliyobaki, yana ladha ya sabuni. Meli ya mchele haijaja. Tunakula shelisheli na samaki, mchana na usiku.

Mwalimu Tiroia kaleta mapipa shuleni, tumeyajaza udongo na majani. Machipukizi mawili ya nyumba mbalimbali yameshika. Bibi alikwenda kuyaona. Aliyashika majani akasema ni kazi nzuri. Halafu akauliza yanamwagiwa nini. Maji ya tangi – yale tunayokunywa. Na tangi liko chini ya nusu.

"Kichwa changu kwenye pipa hakitoshi, mwalimu," alisema. "Kinataka kusimama na miguu majini."

"Najua, Bibi. Mapipa ni ya kuokoa wadogo. Wakubwa wanataka shimo."

"Shimo lenye maji matamu."

"Ndiyo."

Ramani iko ubaoni. Duara nyekundu kila mahali, na sehemu moja tupu. Mwalimu hakuniuliza. Aliniachia chaki mkononi, nami nikairudisha mezani.

Jumapili, 16 Machi

Nimeomba kanisani. Sijui niliomba nini hasa.

Nikisema, Bibi atapata pa kupanda. Labda si Bibi tu – shimo lile ni pana, nyumba kadhaa zingeweza kuweka vichwa vyao mle mpaka mvua zioshe mashimo yetu. Mwalimu anasema mvua nzuri za misimu kadhaa zinaweza kusukuma chumvi. Nikisema, Mzee Toanuea hawezi tena kukaa mahali pake kwenye mwaneaba. Angekaa, lakini wangemtazama.

Nisiposema, kichwa kinakufa.

Bibi kaniuliza tukimenya shelisheli. Hakunitazama. "Maji ya Toanuea ni matamu kweli?"

"Kweli."

"Basi magimbi yake yatakuwa yamenenepa."

Nikachukua shelisheli lingine. Kisu chake kilisimama kidogo, halafu kikaendelea.

Jumatano, 19 Machi

Wanaume wamemaliza kufunga makuti ya mwisho. Paa ni zuri sana, linanukia. Kila mtu anaongea magimbi ya Jumamosi. Nani ana kubwa, hakuna anayesema. Kujisifu ni mkosi. Wanasema tu "tutaleta kidogo tulichonacho", na wanacheka.

Mzee Toanuea naye alikuwepo, anawapa kamba. Mjomba wake Meere akamtania, "Mzee, Jumamosi utatuua kwa aibu kama kawaida yako!"

"Tutaona," alisema.

Hakucheka. Alipopita karibu nami alisimama. "Bado hujaandika?"

"Bado, mzee."

Akaenda zake.

Ijumaa, 21 Machi

Tumeling'oa. Bibi alishuka mwenyewe mpaka kifuani majini, mimi na Meere tukavuta. Lilitoka kwa sauti kama mtu anayevua kiatu kwenye tope. Kubwa! Kubwa kuliko mimi kiunoni. Upande mmoja wa chini umeanza kulainika, Bibi akaukwangua, ndani ni jeupe na gumu. Tumewahi. Wiki moja zaidi lisingefaa.

Bibi akakata kichwa mwenyewe, kwa pigo moja. Kakifunga kwa mkeka wenye maji matamu ya tangi – kikombe chetu cha kunywa cha leo. Kimewekwa kivulini nyuma ya nyumba.

Meere akauliza, "Sasa hicho mnakipeleka wapi, Bibi?"

"Bado hakijaniambia."

Meere alipoondoka, Bibi alikaa karibu na mkeka, akaushika kama anavyoshika mtoto mwenye homa. Kisha akasema, polepole, kwamba shimo halinenepeshi magimbi kwa maji peke yake. Linataka mtu wa kushuka. Na Toanuea hashuki popote, hata mtumbwini anapandishwa. Alisema anajua vidole vile. Mumewe alikuwa navyo.

Nilitazama chini. Aliona nilivyotazama chini.

"Ulifanya vizuri kuona maji tu," akasema.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi. Naandika juu ya goti, nimekaa kwenye ndoo nje ya ua wa Mzee Toanuea. Daftari nilikuja nalo kwa ajili ya namba.

Alikuja kwetu mwenyewe, kumekucha tu. Alisimama njiani, hakukaribia nyumba. Alikuwa amevaa nguo ya mwaneaba, shati jeupe, lakini mikononi hana kitu.

"Karani. Leta kijiti chako. Nataka kujua kama maji yangu bado ni matamu."

Nikachukua kipimo. Bibi akauliza, "Na mimi?"

Alitazama pale gimbi lilipolala juu ya mkokoteni, zima, limeoshwa, na kikapu chenye kichwa kando yake.

"Wewe hujawahi kuniuliza ruhusa ya kitu chochote, Rotia, tangu tukiwa wadogo."

"Nakuuliza leo."

Aligeuka akaanza kutembea. Bibi akaweka kikapu juu ya mkokoteni, karibu na gimbi, akausukuma nyuma yake. Nami nyuma yao.

Mlangoni alifungua kamba mwenyewe. Ilimchukua muda na vidole vile. Nilitaka kusaidia, Bibi akanizuia kwa kiwiko. Ua ulipofunguka, Bibi alisimama na macho chini, kama inavyotakiwa.

"Tazama tu," Mzee akasema. "Mjukuu wako keshatazama."

Bibi akainua kichwa.

Nilisubiri aseme kitu. Alivua kandambili, akaziweka pamoja kando ya mlango, akasema, "Magugu haya yanataka jembe, Toanuea. Umeweka wapi jembe lako?"

Wakaingia na mkokoteni. Nilipima – namba ni ileile, ndogo. Nikamwambia. Akasema, "Andika. Mpe mwalimu wako. Sema shimo ni la Toanuea, na lina nafasi." Halafu wakaniambia nikae nje.

Ndivyo nilivyokaa hapa. Nasikia jembe. Nasikia Mzee anamwelekeza, na Bibi anamwambia alikuwa analima kabla yeye hajajua kuvaa nguo. Nasikia kitu kizito kinatumbukia majini, polepole, na matope yanapigwapigwa kwa kiganja. Hicho ni kichwa! Kimesimama majini.

Kule mwaneaba wameanza kupiga baragumu. Watu wanapita njiani na mizigo yao imefunikwa majani. Mama yake Meere kasimama, kanitazama, katazama ua, kaendelea.

Sasa Mzee anasema jambo kwa sauti ndogo. Nasikia "mikono mitupu", mengine siyasikii. Gurudumu la mkokoteni limelia kidogo, kama limesogezwa.

"Kinaai!" Bibi ananiita. "Kimbia nyumbani, lete panga."

Panga la nini? Kichwa kilishakatwa jana, na kimepandwa. Mle ndani limebaki gimbi moja tu, zima, na watu wawili wanaosubiriwa mwaneaba, na nusu haipelekwi.

"Lile kali," anasema. "Na usimwambie mtu."