Mwombaji Afungue Macho Yote Mawili

3 Aprili

Baba, shikamoo. Huku tu wazima, mimi na huyu aliye tumboni, ila miguu imevimba na viatu vya kazini haviingii tena. Nieleze mgongo unaendeleaje, na kama huko karakanani bado unainua mageti peke yako.

Daktari amenipangia upasuaji tarehe kumi na tisa Mei, kwa sababu mtoto amekaa vibaya na hageuki. Baada ya hapo nisinyanyue kitu kwa wiki sita. Mume wangu yuko melini na mkataba wake unaisha Agosti. Nahodha amekataa kumshusha. Mama angekuwepo nisingekusumbua. Hospitali inataka ndugu wa kunipokea na kukaa nami. Asiye na ndugu, watu wa ustawi wa jamii humchukua mtoto mpaka mama apate nguvu. Hapa nafahamiana tu na wanawake ninaofanya nao kazi kwenye dobi, nao wanafanya zamu mbili.

Njoo wewe. Viza inaombwa kwenye tovuti, na mwenyeji nimejiandika mimi. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwanao


11 Aprili

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, unanikumbusha umri wangu kila asubuhi. Wewe kanunue viatu vikubwa, usishindane na miguu.

Nitakuja. Nepi sijawahi kubadilisha, mama yako alikuwa akinifukuza chumbani. Lakini nimeshika moto wa kuchomelea miaka thelathini, mtoto hatanishinda.

Nilikwenda kwa mpiga picha wa hapa kwetu, yule tunayemwita Flashi, ambaye siku hizi huwajazia watu fomu. Majina yamepita, pasipoti imepita, barua yako imepita. Picha imekataliwa. Mfumo umeandika: "Mwombaji afungue macho yote mawili."

Unajua hili la kushoto limefumba tangu cheche iliponiingia, ukiwa darasa la tatu. Tulipiga mara saba. Nikaivuta kope kwa kidole, mfumo ukasema kuna mkono kwenye picha. Flashi akaandika kwenye kisanduku cha maelezo kwamba jicho halipo. Maelezo yakapokelewa, picha ikakataliwa. Ukipenda, chongo utaita kengeza. Hawa hawajatupenda.

Baba yako


14 Aprili

Baba, shikamoo. Viatu nimenunua, vya kiume.

Nimepiga simu yao ya msaada. Sauti ya kurekodiwa ilinishukuru kwa subira nusu saa, kisha ikakata. Nikaandika barua pepe. Wakanitumia maelekezo ya kupiga picha. Miwani ya giza hairuhusiwi, nimesoma. Labda barua ya daktari wa macho itasaidia. Zimebaki siku thelathini na tano.

Mwanao


2 Mei

Mwanangu, salamu nyingi, na umsalimie huyo ambaye bado hana masikio ya kunisikia.

Viza imetoka. Nakueleza ilivyotoka ili usije ukashtuka.

Barua ya daktari niliipata, lakini kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuiweka. Flashi akanituma nikanywe maji. Niliporudi ombi lilikuwa limepokelewa, na siku ya nne karatasi ikaja. Nikaiangalia picha: mzee mwenye macho mawili. Flashi alichukua jicho la kulia, akaligeuza, akalipachika kushoto. Alifanya kwa wema, alijua tarehe yako.

Nikamwambia huyu si mimi. Akasema, "Mzee, huyu ndiye wanayemtaka. Wewe nenda ukamwakilishe."

Nimekaa nalo siku tatu. Kisha nimenunua tiketi. Naondoka tarehe kumi na tano.

Baba yako


17 Mei

Mwanangu, natumaini umeamka salama. Niko nyumbani.

Binti wa kaunta ya uwanja wa ndege alikuwa na adabu. Alitazama karatasi ya viza, akanitazama. Akaniuliza jicho liliumia lini. Nikamwambia ni mwaka wa ishirini na mbili huu. Akauliza picha ya viza ilipigwa lini. Nikamwambia mwezi uliopita. Akaweka kalamu chini, akapiga simu huko kwenu. Wakamwambia nisipande.

Ningesema jicho limeumia wiki iliyopita, pengine ningepita. Akili hiyo ilinijia ndege ikiwa imeshafunga mlango.

Jana nilijaribu kuomba upya kwa picha yangu ya kweli. Mfumo umejibu kwamba ombi la kwanza linachunguzwa, hivyo la pili halipokelewi. Nikaenda ubalozini. Kuna mlinzi, na ukutani kuna karatasi yenye anwani ya tovuti.

Keshokutwa ndiyo tarehe yako. Mwombe hata mmoja wa dobi. Mwombe msimamizi wenu.

Baba yako


26 Mei

Mwanangu, sijui nikusalimie vipi. Ni wiki sasa. Simu yako inaita tu. Hata neno moja linatosha.

Baba yako


12 Juni

Baba, shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Kidonda kilifunguka nikarudishwa wodini, na simu ilibaki nyumbani. Sasa natembea.

Ni mvulana. Kilo tatu na robo, anapumua vizuri.

Msimamizi wa dobi alikuja kunipokea katika saa yake ya chakula. Walimkataa, si ndugu. Mtoto akachukuliwa na ustawi. Namwona Jumanne na Ijumaa, saa moja. Maziwa nakamua nyumbani nayapeleka kwenye chupa zenye jina.

Wiki sita zinaisha tarehe thelathini, nikadhani ndiyo mwisho wake. Mama wa ustawi anayeshika faili langu aliniuliza habari za ndugu, nikampa namba ya ombi lako nikidhani itaonyesha nina ndugu. Akaiandika, akasoma, akanigeuzia skrini. Pameandikwa picha ya kughushi, na jina langu lipo chini kama mwenyeji. Ombi hilo likiwa wazi, faili langu nalo liko wazi, na faili likiwa wazi mtoto harudishwi. Uchunguzi hauna tarehe ya kuisha.

Nilitafuta pa kuliondoa ombi. Kitufe kipo, hakibonyezeki mpaka uchague sababu. Mwenyeji anaweza kulifunga kwa sababu tatu tu: mwombaji amefungwa gerezani, mwombaji amebadili uraia, mwombaji amefariki. Mbili za kwanza wanadai hati. Ya tatu hawadai kitu.

Nakueleza ujue tulipofika. Sikuombi jambo.

Mwanao


15 Juni

Mwanangu, pole na kidonda. Hongera kwa mtoto. Nimewaambia majirani wote, hata nisioongea nao.

Flashi nilimweleza. Alifunga studio siku nzima. Sina la kumlaumu, aliyebeba karatasi mpaka uwanja wa ndege ni mimi.

Bonyeza ya tatu.

Nimeifikiria nikiwa kazini na nikiwa nimelala. Najua nikishakufa kwao, siingii tena nchi hiyo, na mjukuu nitamwona siku mtakayopata nauli ya kuja nyinyi. Nimelipima. Wao wana mzee wa macho mawili ambaye mimi simjui. Afe huyo. Mimi leo nimechomelea madirisha ya shule, nimekula, nimeshiba.

Usisubiri tarehe thelathini.

Baba yako


2 Julai

Baba, shikamoo.

Nilibonyeza siku ya tatu baada ya barua yako. Mara mbili kidole kilikataa. Walijibu papo hapo, wakanipa pole.

Juzi nilikwenda kumchukua. Kwenye fomu ya makabidhiano kuna mstari wa babu mzaa mama. Yule mama wa faili alikuwa amesimama pembeni yangu nilipoandika marehemu. Machozi yalinitoka, ya kweli, sikuweza kuyazuia. Akanishika bega, akaniuliza kama tulikuwa karibu. Nikamwambia tulikuwa karibu sana. Akaniuliza umezikwa wapi, nami nikamtajia mtaa wetu.

Mtoto amelala hapa kifuani ninapoandika. Akilia hulia kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa.

Usinipigie kwa namba hii, imo kwenye faili. Nitakupigia mimi kwa simu ya dobi, Jumapili. Upokee, baba.

Mwanao