Nusu Asilimia ya Wazee

Jumatatu, 5 Juni 2023

Rupia laki sita na nusu! Miaka kumi na mmoja ya kutoa watu damu kwenye maabara ya daktari, na pesa zote zimelala bure kwenye akaunti ya kawaida. Mjinga mimi.

Rafiki yangu Sucheta amepiga simu kutoka jiji la Pune. Jengo lao litakamilika Septemba mwakani. Kuna chumba kimoja na jiko, ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Na litazame! Mlango una kufuli, na ufunguo utakuwa wangu peke yangu. Malipo ya kwanza laki saba. Nikizifungia hizi kwa miezi kumi na mitano, zinafika na chenji inabaki.

Basi mchana sikula. Nimezunguka benki tatu. Ya serikali: riba ya asilimia sita nukta nane. Ile binafsi yenye kiyoyozi: saba nukta moja. Ya ushirika, pale sokoni: nane na robo, na karani ananikaribisha kama shemeji. Hapana. Nawakumbuka akina mama waliosimama siku nzima mbele ya benki moja iliyofungwa, vitabu vya akiba mkononi. Riba kubwa, usingizi mdogo.

Nyumbani sijasema kitu. Nina miaka thelathini na tisa na naficha karatasi za benki chini ya godoro.

Alhamisi, 8 Juni

Nimechagua ya kiyoyozi. Karani anaitwa Bi Phatak, mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani. Kabla sijamaliza kueleza akauliza kama baba yangu yu hai na kama amevuka sitini. Ana sabini na mmoja, nikasema. Akaweka kalamu chini. Sasa kwa nini nataka kutupa pesa? Wazee wanaongezwa nusu asilimia. Jina la baba litangulie, langu lifuate, basi. Mji mzima unafanya hivyo, anasema. Hata amana yake mwenyewe ina jina la mama mkwe wake, na hawajasemeshana tangu sikukuu ya Diwali.

Nusu asilimia. Nimepiga hesabu ndani ya basi — elfu nne na ushei. Mitungi mitatu ya gesi na pazia la dirisha! Haba na haba hujaza kibaba.

Ila sasa lazima nimwambie Baba.

Jumatatu, 12 Juni

Baba amefurahi kupita kiasi. Hakuuliza pesa ni za nini, nami sikusema. Akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, akajipaka mafuta ya nywele. Tangu astaafu ukaguzi wa mifereji hakuna ofisi iliyomwita. Benki wakampa kiti, maji, na "karibu mzee wetu".

Kwenye fomu kuna swali: nani ataiendesha amana hii? Visanduku viwili. "Yeyote kati yao." Au "wa kwanza, na wa pili baada ya kufa kwake." Baba akatia alama kwenye cha pili bila kusita. Yeye si ndiye wa kwanza? Bi Phatak akanitazama juu ya miwani.

Niliona. Naapa niliona! Lakini kumsahihisha Baba mbele ya karani, na watu wameketi nyuma yetu wanasikia, kwamba simwamini — hapana; nikamwonyesha pa kusaini. Nikajiambia ni kisanduku tu.

Hati imeingia kwenye kabati la chuma. Ufunguo uko kwenye pindo la sari ya Mama, kiunoni.

Jumapili, 2 Julai

"Amana yangu." Ndivyo Baba anavyosema siku hizi. Amemwambia muuza maziwa, amemwambia kinyozi, amewaambia wazee wenzake hekaluni. Wiki ya kwanza nilicheka. Leo kinyozi kanisimamisha njiani kunipongeza kwa kuwa na baba mwekevu.

Benki ya serikali imepandisha. Saba kamili. Nimeandika, sijui kwa nini. Mazoea.

Jumatano, 19 Julai

Onkar, mdogo wangu, kapata mchumba. Msichana mzuri, ana kazi, ana adabu. Baba wa msichana alikuja leo kula pohe, ule mchele wetu wa kupondwa, na kuuliza maswali. Watoto watakaa wapi? Nyumba yetu ina vyumba viwili, na kimoja ni changu na cherehani ya Mama.

Baba akasema tutajenga juu, vyumba vitatu. Pesa? Zipo, akasema. Laki sita na nusu, benki.

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikaendelea kumimina. Nimemimina hadi chai ikajaa kisahani, na baba wa bibi harusi akasema kwa upole inatosha, binti.

Alhamisi, 20 Julai

Nimeomba ruhusa kazini nikakimbilia benki. Nilitaka jina langu litangulie, au kisanduku kibadilishwe, au chochote. Bi Phatak alisikiliza hadi mwisho. Kubadilisha chochote ni sahihi ya wa kwanza. Kuivunja pia ni sahihi ya wa kwanza, na yake peke yake inatosha. Pesa zitaingia kwenye akaunti yake.

Nikamwambia ni jasho langu, daktari anaweza kushuhudia, mishahara yote imeandikwa.

"Najua, mwanangu," akasema. "Lakini hapa kwenye karatasi wewe ni wa pili."

Alijuta, nadhani. Aliniletea chai ya wafanyakazi. Sikuinywa. Saba nukta moja ingetosha! Ilikuwa inatosha tangu mwanzo! Tamaa mbele, mauti nyuma — Bibi alikuwa akinitania kwa methali hiyo kila nikiongeza sukari.

Jumamosi, 19 Agosti

Mwezi mzima nimepanga maneno. Leo fundi alikuja kupima dari. Akaondoka. Nikasema.

"Baba, zile pesa ni zangu. Za nyumba ya Pune."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika. Alivua miwani, akaifuta polepole kwa shati.

"Nyumba ya Pune ya nini, mwanangu? Kuna nani huko?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu, Baba."

Akanitazama kama nimemwambia naumwa. Mama, kutoka jikoni, akasema watu watasema tumekufukuza. Kisha akaanza kulia, na mkate wa bhakri unaungua. Baba akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, kwani yeye ni mwizi? Alipokuwa ananilipia ada ya chuo aliandika mahali kwamba ni pesa yake?

Onkar akanifuata uani. Huyu ndiye aliyenimaliza. "Dada, kile chumba cha mwisho juu ni chako. Nimemwambia fundi akuwekee dirisha kubwa, linaloangalia mpera. Siku zote utakuwa na sisi." Macho yanamng'aa. Anaona ananipa zawadi!

Siku zote.

Nikarudi ndani kujaribu njia ya mwisho, hesabu, maana Baba anaheshimu hesabu. Nikamwambia tukiivunja kabla ya muda tutapoteza asilimia moja. Akasema si kitu, tutavumilia. Ndipo nikasikia nilichosema. Tukiivunja. Tutapoteza. Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Jumanne, 22 Agosti

Fundi anataka malipo ya saruji. Baba ameifuata fomu benki mwenyewe asubuhi, kisha akaileta nyumbani. Mkono unamtetemeka siku hizi, na fomu ikiharibika wanakupa nyingine kwa manung'uniko. Akaniwekea mezani. "Nijazie wewe. Una mwandiko mzuri." Kwa heshima kabisa. Nadhani hata kwa mapenzi.

Jina la mwenye amana wa kwanza: nimeandika. Namba ya hati: nimeandika bila kuitazama hati, naijua kwa kichwa. Kiasi: nimeandika. Pa kusaini nimemtilia alama ndogo ya msalaba asipotee. Wa pili hana mstari. Nimegeuza karatasi nyuma kutafuta. Hana.

Limebaki swali moja. Sababu ya kuvunja amana. Baba amesema niandike "mahitaji ya familia."

Nimeandika "mahitaji ya". Nimeishia hapo. Nimevuta daftari hili juu ya fomu.

Skuta inanguruma nje. Baba ananiita, benki inafunga saa kumi. Amevaa lile shati jeupe. Onkar naye anaita. Nikisema sasa hivi sitaki, watanisikia wote, na baba wa bibi harusi yuko sebuleni anasubiri jibu la fundi. Nisiposema sasa sitasema tena, hilo nalijua.

Mama amesimama mlangoni. Anauliza ninaandika nini muda wote huu, kwani fomu si ukurasa mmoja tu?